Saladi Iliyovuka Mto

Rodah alitua mkoba juu ya jiwe kubwa la ukingoni, akarudi nyuma hadi chini ya mikaratusi, akageuza uso. Ndipo Obiero, mume wa binti yake, alipoteremka kutoka upande wa mashamba ya chai, akavuka magogo mawili yaliyolazwa mahali palipokuwa na daraja, akauchukua mkoba bila kuinua macho.

"Hamjambo huko?" Obiero aliuuliza mto.

"Hatujambo," Rodah aliijibu mikaratusi. "Yeye je?"

"Jana pia alitapika, mama. Hata maji."

Walisimama hivyo, kila mmoja amempa mwenzake kisogo, kama watu waliogombana. Hawakuwa wamegombana. Rodah alikuwa Mkipsigis wa Kaplong. Obiero alikuwa Mjaluo wa Nyakach aliyeletwa huku na kazi ya kiwanda cha chai. Mwaka ule wa uchaguzi na wa mvua ya El Nino watu wa makabila yao walikuwa na machache ya kukubaliana, lakini hili walikubaliana bila mkutano: mama hamkaribii mume wa bintiye. Hampi mkono, hali chini ya paa lake, na jikoni kwake haingii hata nyumba ikiungua. Ndiyo heshima. Rodah alikuwa ameishika tangu harusi, na haikuwahi kumgharimu kitu mpaka mvua zilipokula daraja.

"Sikiliza vizuri," alisema, "maana leo sitaki makosa. Mkebe mkubwa ni kabichi, nimeshaikata na kuiosha, ina karoti na simsim. Hiyo chupa ni siki, sukari, mafuta na sosi ya soya. Hizo pakiti ni tambi. Tambi hazichemshwi. Unasikia? Zinavunjwa zikiwa kavu, zinakaushwa kwa kikaango bila tone la maji mpaka ziwe rangi ya chai ya maziwa. Halafu vyote vinakutana kwenye sahani, mbele ya Chepkurui, si kabla. Vikikutana mapema vinalala."

"Nimesikia, mama."

"Sema."

Obiero alikuwa mwanamume wa miraba minne, anayebeba magunia ya chai kavu begani bila kuhema. Aliurudia mpango wote akiutazama mto, kama mtoto wa Sunday school anayekariri aya, na hakukosea neno. Kisha akavuka, akapotea ndani ya ukungu, na Rodah akabaki na mikaratusi yake.

Mungu alimpa Rodah binti mmoja tu, na tumbo la binti huyo lilikuwa limeikataa dunia. Mimba mbili zilikuwa zimeshatoka. Hii ya tatu iling'ang'ania, ikaanza hata kucheza, lakini Chepkurui mwenyewe alikuwa anaisha kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya maji. Uji ulirudi. Ugali ulirudi. Mursik, maziwa ya kibuyu aliyoyapenda tangu utotoni, yalirudi kabla hayajapita koo. Chochote kilichochemshwa kilimtapisha kwa harufu tu, kikiwa bado jikoni.

Muuguzi wa zahanati ya kampuni ya chai alimtundikia maji ya chupa mpaka mishipa ikajificha, kisha akamtumia Rodah ujumbe usio na sukari: akishika chakula tumboni, atapona, na mtoto atapona. Asiposhika, lazima afike hospitali. Na hospitali ilikuwa Kaplong, ng'ambo ya mto. Gari halikuweza kupita, na hata barabara ya kwenda Kisii ilikuwa haipitiki ila kwa miguu. Wanaume wa kambi ya wafanyakazi wa chai walijitolea kumbeba kwa machela juu ya magogo, muuguzi akawauliza mmoja wao akiteleza watazika watu wangapi. Wakarudi makwao.

Katikati ya hayo, Chepkurui mwenyewe ndiye aliyesema anachotaka. Alimwambia mumewe: "Mwambie mama nataka ile kabichi ya Krismasi. Ile inayolia."

Rodah alijua mara moja. Alikuwa na diploma ya upishi wa taasisi, na mpaka leo ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko la shule moja ya wasichana karibu na Kaplong, akisimamia masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea. Chuoni walifundishwa vyakula vya wageni, vingi vya kuwafurahisha watahini tu. Hicho kimoja ndicho alichotoka nacho: kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, simsim na tambi za pakiti zilizokaushwa, vikamwagiwa siki na sosi ya soya. Mwalimu aliiita saladi ya Kichina. Kama Wachina wenyewe waliijua, Rodah hakuuliza. Aliitengeneza kila Krismasi, na Chepkurui mdogo alikuwa akifunga mdomo na kuitafuna polepole ili aisikie ndani ya masikio: kacha, kacha, kacha.

Mara ya kwanza kuituma aliharibu yeye mwenyewe. Alikuwa na haraka ya hofu, akachanganya kila kitu nyumbani. Ilipofika kambini ilikuwa imelala kama tambara la kupigia deki. Obiero alisema Chepkurui alifunua mkebe, akalia, akaufunika. Kwa hiyo mara hii Rodah alitenganisha kila kitu. Tambi alizituma zikiwa ndani ya pakiti zake, maana hewa ya mvua ile ilikuwa inalainisha hata biskuti. Zilikuwa za mwisho. Duka la Mhindi pale Sotik lilikuwa halijapata mzigo tangu barabara ziharibike.

Kesho yake Rodah alifika mtoni kabla ya Obiero. Asubuhi hiyo alikuwa amemwambia mumewe, Johana, kwamba huenda ikabidi avuke. Johana alikuwa mzee wa kanisa. Aliweka kikombe chini.

"Uende kwa mkweo? Watu watasema nini?"

"Watasema kwenye ubatizo au kwenye mazishi? Chagua wewe."

Johana alikiinua kikombe tena. Alikunywa chai yake.

Obiero alitokea kwenye ukungu akitembea taratibu mno, mwavuli uko kwapani. Alivuka, akaweka mkoba na mikebe mitupu juu ya jiwe, akarudi nyuma. Mikebe ilikuwa imeoshwa ikang'aa.

"Alikula?" Rodah akauliza.

Mto ulinguruma.

"Nimekuuliza. Alikula?"

"Mama yangu alizichemsha, mama."

"Alichemsha nini?"

"Tambi. Zote. Na kabichi akaikaanga na nyanya." Sauti yake ilikuwa imepungua mpaka ikawa ya mtoto. "Nilimwambia. Neno kwa neno nilimwambia. Nilikuwa nimeitwa kazini, niliporudi nyumba nzima inanuka vitunguu. Chepkurui alitapika nyongo. Leo hajainua kichwa. Muuguzi amejaribu mkono huu, amejaribu ule, sindano haipati mahali."

Rodah aliitia mikebe ndani ya mkoba. Hakulia, hakuwa mtu wa kulia hadharani. Aliinama akavua viatu, akavitia ndani ya mkoba, akapandisha sketi hadi magotini, akaenda kwenye magogo.

"Mama!" Obiero alisahau, akamtazama usoni, kisha akageuka kama aliyeungua. "Mama, hayo magogo yanateleza. Hata sisi..."

"Basi nishike."

"Siwezi kukushika."

Ni kweli, hangeweza. Rodah mwenyewe asingekubali. Alikanyaga gogo la kwanza, na maji ya rangi ya kakao yakampitia juu ya vidole. Ilikuwa kama kukanyaga mgongo wa samaki. Katikati ya mto mguu mmoja uliteleza, akapiga goti, akalikumbatia gogo lenyewe. Hapo Obiero akafanya alichoweza. Alipita gogo la pili mpaka akawa mbele yake, akageuza uso kuelekea kambini, akarudisha mkono nyuma ukiwa na mwavuli. Yeye alishika kishikio, Rodah akashika ncha. Wakavuka hivyo, mkwe na mamamkwe, wamefungwa kwa mwavuli, hawagusani wala hawatazamani, na Rodah akiomba kwa Kipsigis na kukemea kwa Kiswahili.

"Usikimbie! Unadhani mimi ni mbuzi?"

"Pole, mama."

Walipita katikati ya chai, Obiero mbele sana, Rodah nyuma na miguu yenye matope. Wachumaji waliinua vichwa, wakatazamana, wakainamia majani tena. Kufika jioni habari ingekuwa imefika sokoni Chepilat.

Nyumba za kambi zilikuwa za mstari, nyeupe, za aina moja, kila moja na mlango wa kijani. Mlangoni mwa Obiero alisimama Jerusa, mama yake, aliyekuja kutoka Nyakach kumuuguza mkaza mwanawe. Alikuwa mwanamke mrefu, leso ameifunga chini ya makwapa, mikono iko kiunoni.

"Mama Chepkurui! Karibu. Karibu hapo hapo."

"Nimekaribia."

"Hapo ulipo panatosha. Obiero, unaleta maro kwa nyumba yako? Mama wa bibi yako kabisa? Umerogwa?"

Obiero alikuwa ameshatokomea nyuma ya nyumba ya Nyang'au, jirani yao, kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba anafuga kuku.

"Hajanileta, nimejileta," Rodah akasema. "Ulichemsha tambi?"

"Nilipika! Pakiti iko na picha, bakuli linatoa moshi, nimeona na macho yangu. Huyu kijana ananiambia ati zikaushwe bila maji. Nikajua hakusikia. Mtu anaongea na mto, atasikia nini?"

"Na kabichi?"

"Nimpe mgonjwa kabichi mbichi? Kwetu kabichi mbichi ni ya ng'ombe."

"Hata kwetu."

Jerusa hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo. "Basi?"

"Basi binti yangu leo ni ng'ombe. Mpe anachotaka kula."

"Aa, usinitolee diploma hapa! Chakula kibichi kwa mwenye mimba! Akiharisha pia, utasema nini? Ni mimi niko hapa, Mama Chepkurui. Huyo mtoto ameshika shingo hii yangu akitapika. Si yako."

Hilo lilimpata Rodah mahali palipo wazi. Ilikuwa kweli. Yeye alikuwa ametuma mikebe, na mwanamke huyu ndiye aliyeshika kichwa. Sasa alimwona vizuri: macho mekundu, leso ina madoa, mashavu yamebonyea kana kwamba yeye ndiye asiyekula.

Kisha kutoka ndani ikaja sauti. Haikuwa ya kutapika, maana hakukuwa na cha kutapika. Ilikuwa ya mwili unaovuta ndoo kutoka kisima kilichokauka, unavuta, unavuta, na ndoo haiji. Baadaye ikaja nyingine, nyembamba: "Mama... mama..." Haikujulikana anamwita nani.

Wale wanawake wawili waligeukia mlango.

"Nyasaye," Jerusa alisema taratibu, akimwita Mungu kwa lugha yake. Mikono ilimtoka kiunoni. "Wale wawili wa kwanza nilizika mimi, unajua? Hata jina hawakupata. Sitaki wa tatu. Na huyu wako sitaki azikwe huku kwa matope."

"Hazikwi," Rodah akasema, lakini sauti yake ilikuwa kavu.

Jerusa alitazama mlango wa kijani, akatazama chini, akawaza. "Dala ya Obiero iko Nyakach," alisema mwishowe. "Boma lake ndilo hilo. Hii nyumba ni ya kampuni. Hata balbu ikiungua, kampuni ndiyo inabadilisha."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo sijui. Wazee waliotuwekea mila hawakujua kambi. Lakini uwanja huu hakika si wa mwanangu. Kama unataka kupika, pika hapo kwa majani. Mlango... mlango tuuache kwanza."

"Hapo kwa majani ndipo ninapotaka. Mafuta yakinuka ndani yataniulia mjukuu. Umemwaga zile tambi?"

"Mimi nimwage chakula? Ziko kwa sufuria. Nilitaka tule wenyewe jioni."

"Kongoi," Rodah akashukuru kwa Kipsigis bila kukusudia. "Lete. Lete jiko, lete karai, lete mafuta. Na chupa yangu ya siki iko wapi?"

"Nimeweka dirishani. Nilidhani ni dawa."

Wingu lilikuwa limekaa juu ya vilima vya Kisii, jeusi upande wa chini. Siku zote za mwezi ule mvua ilikuja baada ya adhuhuri, na ikija haikubisha hodi. Walibeba jiko mbali na nyumba, upande ambao upepo ungechukua moshi kuelekea chai. Rodah alifunua sufuria. Tambi zilikuwa zimevimba, zimeshikana, zimekuwa donge moja la kijivu lenye harufu ya viungo vya pakiti. Mtu mwingine angelia. Yeye alizimwaga kwenye chujio, akazimiminia maji baridi, akazitenganisha kwa vidole uzi kwa uzi. Alijua kwamba kilichochemshwa kinaweza kukaangwa kikakauka tena, kama kina nafasi na mafuta ya moto. Alichokosa ni jua la kukianika.

"Lete uteo."

Alizitandaza juu ya uteo, akamkabidhi Jerusa kifuniko cha sufuria. "Pepea. Usiache."

"Mpaka lini?"

"Mpaka zisinate mkononi."

Jerusa alipepea. Rodah alimwagiza kabichi, Jerusa akapaza sauti bila kuacha kupepea, na mke wa Nyang'au akarusha moja juu ya ua, bado ina umande. Rodah alivua majani ya nje, akaosha ya ndani kwa maji ya birika yaliyochemshwa jana, akatia chumvi, akaosha tena. Kisha kisu kikaanza. Alikata bila kutazama, kidole kimekunjwa, ncha ya kisu haiondoki ubaoni.

"Ai! Unakata kama mashine ya kiwanda."

"Pepea, Mama Obiero."

"Ninapepea!"

Ndani kulikuwa kimya, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko ile sauti. Rodah alitaka kwenda dirishani. Alijizuia. Alishika tambi: bado zinanata. Alitazama wingu: limeshavuka vilima. Akaamua kutosubiri.

Hapo ndipo alipokosea. Alitia nyingi kwa pamoja, kwa haraka, na maji yaliyobaki ndani yake yakapambana na mafuta. Karai lilipasuka kwa kelele, mafuta yakamrukia mkononi, tambi zikakumbatiana zikawa mkate mzito, nje umeungua, ndani umelowa. Nusu ya walichokuwa nacho. Rodah aliutoa kwa mwiko, akaubamiza juu ya majani.

"Nimeharibu," alisema.

Jerusa alitazama ule mkate, kisha akamtazama yeye. "Umeungua."

"Si kitu."

"Ni kitu. Toa mkono." Alimmiminia maji ya birika juu ya kidonda, akapuliza, kama anavyopuliziwa mtoto. "Sasa tia kidogo kidogo. Si ndivyo ungemwambia mpishi wako?"

Ndivyo angemwambia. Rodah alivuta pumzi. Aliokota tambi chache kwa ncha za vidole, akazipangusa kwa kitambaa safi, akaziteremsha kwenye mafuta kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Zilizama, zikapanda, zikajikunja. Povu likawa kubwa, likawa dogo, likakoma. Alizinyanyua zikiwa rangi ya chai ya maziwa, akazitia kwenye sinia. Zilitoa mlio zilipotua.

"Nyingine," Jerusa akanong'ona.

Tone la kwanza la mvua lilianguka ndani ya karai, mafuta yakafoka. Jerusa alifungua mwavuli wa Obiero, akausimamisha juu ya karai, mvua ikampiga yeye mgongoni. Rodah alikaanga kiota kimoja, kingine, kingine, mpaka uteo ukawa mtupu.

"Simsim," alisema ghafla, akasimama. "Simsim yote ilikuwa kwenye ile kabichi uliyokaanga."

Jerusa alimpa mwavuli, akaingia ndani, akarudi na mkebe mdogo wenye kifuniko kilichofungwa kwa uzi. "Ya shamba langu. Nilibeba nimkarangie mzazi akijifungua." Aliishika mikononi kidogo kabla ya kuitoa. "Tumia. Asipokula leo, nitamkarangia nani?"

Waliikaranga kwenye kifuniko cha sufuria juu ya makaa yanayokufa, simsim ikarukaruka, ikanukia kama mavuno. Harufu hiyo ilipita uani ikaenda mpaka dirishani, na wote wawili wakasimama wakasikiliza kama italeta ile sauti. Haikuleta.

Rodah aliweka kabichi kwenye sahani upande mmoja, tambi upande mwingine, simsim katikati, chupa kando. "Usichanganye hapa. Mwaga mbele yake, koroga mara moja, mpe kijiko. Asile haraka."

"Na kama itarudi?"

Rodah alimkabidhi sahani. "Nenda," alisema.

Jerusa aliingia. Rodah alisimama chini ya dirisha, paa likimwagia maji begani, mgongo ameuegemeza ukutani. Nyumba ya pili, chini ya paa la Nyang'au, Obiero alisimama ameukabili ukuta wa jirani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Sauti ya Jerusa ilisikika: "Mamako yuko nje. Ndiyo, amevuka, usilie, utamaliza maji. Tazama, hakuna kilichochemshwa. Tazama, namwaga sasa."

Kijiko kiligonga sahani. Halafu hakuna kitu. Mvua tu. Rodah alifumba macho.

Kacha.

Ilikuwa ndogo, kama kuku amekanyaga jani kavu. Rodah hakuamini. Kisha ikaja ya pili, na ya tatu, polepole, za mtu aliyefunga mdomo ili ajisikie mwenyewe ndani ya masikio. Jerusa alicheka mara moja, akakikata kicheko kama aliyeogopa kukiharibu.

Halafu zikakoma.

Chepkurui alikohoa. Kitanda kililia. Na juu ya simenti, beseni likakwaruza, lile beseni la kutapikia, likavutwa kwa nguvu. Rodah hakuwaza mila, hakuwaza Nyakach wala Kaplong. Aliuzunguka ukuta, akausukuma mlango wa kijani, mguu wa kulia ukaingia ndani ukiwa na matope yake yote. Hapo akagongana na Jerusa aliyekuwa anatoka na beseni mikononi.

Rodah alilitazama. Lilikuwa kavu.

"Amesema niliondoe," Jerusa alisema. "Ati linamnukia. Ati anakula."

"Imekaa?"

"Mpaka sasa imekaa. Usiulize sana." Kisha macho yake yakateremka. "Mama Chepkurui, mguu wako uko ndani."

"Najua."

Jerusa aliufikiria ule mguu. Aligeuka kutazama kama kuna anayeona, akapunguza sauti. "Hiyo ni simenti ya kampuni. Uache hapo. Lakini wa pili uache nje, mwanangu yuko pale."

Wakasimama hivyo, mmoja na beseni, mwingine nusu ndani nusu kwenye mvua. Kutoka mlangoni Rodah aliweza kuona ncha ya kitanda na mguu mmoja wa Chepkurui, mwembamba kama wa msichana wa darasa la tano, vidole vimekunjana kwa bidii ya kutafuna.

"Obiero!" Rodah aliita, uso ameuelekeza kwenye chai.

"Naam, mama," Obiero aliujibu ukuta wa Nyang'au.

"Chepilat kuna maduka ambayo sijauliza. Kama hakuna, endelea mpaka Kisii. Tambi za pakiti. Usirudi mikono mitupu."

"Naenda, mama."

"Vaa kitu kichwani!" mama yake akamfokea, lakini alikuwa ameshaingia mvuani, akitembea kinyumenyume hatua za kwanza ili asije akamwona mamamkwe mlangoni mwake.

Ndani, kacha. Kisha kimya kirefu. Rodah alikibeba kimya hicho kama mtu aliyebeba sufuria iliyojaa mpaka ukingoni, hapumui, haondoi mguu, akisubiri kusikia kama kitamwagika.